Sulhuni, Nchi ya Kilio cha Kwanza

Nilikwenda Sulhuni kwa ajili ya uzazi, si kwa ajili ya sheria. Mjukuu wangu Siwema ameolewa huko, na alipojifungua ilibidi mtu mzima aende kumkanda, kumfunga tumbo na kumpikia uji wa pilipili manga, maana mama yake hana afya ya kusafiri. Safari yenyewe sitaisimulia. Nilifika, nikavua viatu, nikanawa mikono, nikapewa mtoto. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo sheria za huko nitazieleza kwa maneno ya jikoni, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Kilichonitia shaka mwanzo kabisa ni ukimya. Mtaa ule wa nyumba ndogo ulijaa watoto wachanga, nepi zimeanikwa kila ua, lakini hakuna hata mmoja aliyesikika akilia. Mtoto wetu, Mwanaheri, alipokunja uso kutaka ziwa, Siwema alimwekea kiganja mdomoni, taratibu, kama mtu anayefunika chungu kisimwagike.

"We Siwema, unamziba mtoto pumzi?"

"Simzibi, Bibi. Namzuia asilie ovyo."

"Mtoto mchanga analiaje kwa mpango?"

Akacheka kidogo, akatazama dirishani.

Mama na mtoto walikuwa wanalala jikoni, kwa kuwa nyumba kubwa haikuwa na paa. Jiko lilikuwa la kiwambaza cha udongo, nene, lenye joto zuri la mafiga, limepakwa chokaa nyeupe ndani mpaka kwenye kona. Nililipenda. Lakini lilikuwa na milango miwili, mmoja wa kuingilia uani na mwingine nyuma ya pipa la maji, mdogo, unaofunguka kwa nje. Nimepika maisha yangu yote, sijaona jiko linalohitaji mlango wa pili. Nikamuuliza mume wa Siwema, Kilindo, kijana mpole mwenye tabia ya kuonyesha mambo kwa kidole hata anapokuwa hajui anaonyesha nini.

"Huo ni wa kutokea, Bibi," akasema. "Siku Jumba likijikinga."

"Jumba gani?"

Akaonyesha juu. Nyuma ya ua wao lilisimama jumba la mawe, refu kuliko minazi, lina mnara. Waliliita Jumba la Mnara. Ukisimama kisimani kwa Kilindo, kivuli cha mnara ule kinakufunika asubuhi nzima.

"Linajikinga na nini?"

"Na sisi," akasema Kilindo.

Nikadhani ananitania.

Jioni ile, akichochea kuni, alinieleza. Zamani Sulhuni ilipigana mpaka watu wakachoka kuzika. Wakubwa wakakutana, wakaapa, wakaandika Mkataba, wakauchonga kwenye lango la Baraza ili kila mtu ausome. Unasema hivi: hakuna nyumba itakayoinua rungu juu ya nyumba nyingine, isipokuwa nyumba iliyolia. Maana yake, anayepigwa hulia, na aliyelia ana haki ya kujikinga, kwa kadiri ya alivyoumizwa, basi.

"Mbona ni sheria nzuri," nikasema. Na mpaka leo nasema ni sheria nzuri. Walioichonga walikuwa watu waliopigwa kweli.

"Nzuri sana," akasema Kilindo. "Ila nyumba ndogo ikilia, Jumba husema inatafuta rungu, ndiyo maana watoto tunawaziba. Tena sheria haikusema mtu alie kabla au baada."

Sikumwelewa mpaka asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nafagia ua niliposikia mtu akipiga yowe: "Mama wee! Nakufa! Wameniua!" Nikatupa ufagio, nikakimbilia uzioni. Juu ya ukuta wa Jumba la Mnara alikaa bwana mmoja mnene, kanzu safi, kikombe mkononi kinafuka moshi, akilia kwa sauti nzuri sana, ya kupanda na kushuka. Aliponiona alinyamaza, akakiweka kikombe chini kwa heshima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeumia wapi?"

"Bado sijaumia. Nafanya mazoezi." Akajitambulisha: Magoda, Mliaji Mkuu wa Jumba la Mnara, cheo alichorithi kwa mjomba wake. "Kesho Baraza linakaa. Kilio cha kwanza kusikika baada ya kengele ndicho kinachohesabika, kwa hiyo lazima koo liwe tayari. Tangawizi na asali, Bibi. Bila hivyo sauti inakatika katikati, na kilio kilichokatika watu hawakiamini."

"Na kesho utakuwa umeumizwa na nani?"

Akanionyesha jiko letu, kwa huruma, kama mtu anayetoa habari za msiba.

"Linatoa moshi, Bibi. Moshi unatoka kwenye moto, na moto huunguza."

"Jumba lenu la mawe, mwanangu. Mawe yanaunguaje?"

"Ndiyo maana tunawahi kuogopa. Tukingoja mpaka mawe yashike moto tutakuwa tumechelewa mno."

"Paa mlilolibomoa la nyumba kubwa ya hawa nalo liliwaumiza?"

"Lilikuwa linang'aa. Liliwapiga macho walinzi wetu." Akanywa funda. "Hiyo ilikuwa kazi yangu nzuri mwaka ule. Watu walitokwa na machozi barazani."

Hakuwa mtu mbaya wa kuongea naye. Aliniuliza hali ya mzazi, akanishauri nimpe Siwema supu ya samaki. Lakini niliporudi kwenye ufagio wangu nilitazama vizuri mtaa ule. Nyumba zilizobomolewa zilikuwa na kitu cha kufanana: moja ilikuwa na kisima, nyingine ilikuwa karibu na chemchemi, nyingine ilikuwa njiani kuelekea mtoni. Nyumba iliyokaa juu ya mwamba mkavu, yenye mlango mbovu na watu wagomvi wanaotukana kutwa, Jumba la Mnara lilikuwa halijawahi kuumizwa nayo hata kidogo. Na jiko la Kilindo lilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki kati ya ukuta wa Jumba na kisima chake.

Kesho yake tuliitwa barazani sote, na mtoto akiwemo, kwa kuwa walioshitakiwa ni wote wanaolala jikoni. Nilimfunga Siwema tumbo kwa kanga mbili ili aweze kusimama.

Baraza la Sulhuni ni ukumbi mzuri, nisiseme uongo. Mazulia mapya, feni, maji ya baridi kwa kila mjumbe. Katikati inaning'inia ngoma kubwa ya uamuzi, imeshikwa kwa kamba tano, na kila kamba imo mikononi mwa jumba moja kubwa kati ya majumba matano. Uamuzi ukipita, ngoma hupigwa na nchi nzima hutii. Lakini jumba lolote likiachia kamba yake, ngoma huanguka chini puu, haitoi sauti, na jambo lililokuwa linajadiliwa huhesabiwa halikutokea.

Nilimnong'oneza Kilindo: "Yule aliyeshika kamba ya huku si wa Jumba la Mnara?"

"Ndiye."

"Naye anashitaki, naye anashika kamba?"

"Akishitakiwa pia anashika, Bibi. Siku hizo ndiyo anaishika legelege kabisa."

Karani wa Mkataba, Bwana Furutu, mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, alisimama kugonga kengele. Magoda alikuwa amesimama upande wa pili, amevuta pumzi mpaka vifungo vya kanzu vinataka kuruka. Nilimtazama Mwanaheri. Siwema, kwa hofu, alikuwa amemkandamiza kiganja mdomoni kuliko siku zote, na uso wa mtoto ulianza kubadilika rangi.

Kengele ikalia. Nikauondoa mkono wa Siwema.

Mwanaheri alilia, nawaambieni, kilio cha mtoto aliyezuiwa tangu azaliwe. Kilijaa ukumbi, kikapanda kwenye feni, kikarudi. Magoda alibaki na pumzi yake kifuani, macho yamemtoka. Kisha akalia na yeye, lakini watu wote walikuwa wameshageuka.

Bwana Furutu alishusha miwani ya paji la uso, akavaa yote miwili. "Kilio cha kwanza," akasema kwa sauti ndogo, "ni cha nyumba ya Kilindo."

Siwema alinishika mkono. Kilindo alionyesha dari kwa kidole. Wajumbe wa nyumba ndogo, waliokaa nyuma kwenye mabenchi, walianza kupiga miguu chini. Kwa sheria yao wenyewe, Jumba la Mnara ndilo lililokuwa mshambuliaji, na jiko letu lilikuwa na haki ya kujikinga.

Mjumbe wa Jumba la Mnara, bwana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, aliinuka bila haraka. "Mtoto huyo analilia ziwa," akasema. "Njaa si kipigo."

"Mkataba hausemi kilio cha nini," akajibu mjumbe mmoja wa mabenchi ya nyuma. "Unasema kilio. Mbona nyie mlilia kwa sababu ya bati linalong'aa?"

"Mheshimiwa, kilio chetu kilikuwa cha watu wazima, kilichotafakariwa."

"Basi huyu hajatafakari, ndiyo maana ni cha kweli!"

Watu wakacheka, Bwana Furutu akagonga meza. Mjumbe wa jumba jingine kubwa, ambalo halipatani na Jumba la Mnara lakini nalo lina waliaji wake, aliomba tusiende haraka. Alisema tukikubali vilio vya wachanga, kesho kila nyumba yenye mzazi itakuwa na haki, na amani ya Sulhuni itavunjika. Niliona wajumbe wa majumba yote matano wakitikisa kichwa kukubali kwa pamoja, na ndiyo mara pekee niliyowaona wakikubaliana.

Wakahamia kwenye kadiri. Kama nyumba ya Kilindo ina haki ya kujikinga, ijikinge kwa nguvu kiasi gani, na ina silaha gani? Tukaulizwa. Nikasema tuna mwiko. Wakatuma mtu akaulete. Mwiko wangu ule wa kusongea ugali ukapita mkono kwa mkono, kila mjumbe akiupima uzito. Mwenye ndevu aliugonga kwenye meza, ukatoa sauti.

"Mti mgumu," akasema, na akawatazama wenzake kwa muda. "Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba nyumba hii ina kitu cha mti mgumu chenye urefu wa mkono."

"Ni mwiko, baba," nikasema.

"Leo ni mwiko, Bibi."

Mjadala ukaenda mpaka wajumbe wakaletewa chakula, kisha ukaendelea. Mwishowe Bwana Furutu alitangaza kwamba kilio cha Mwanaheri ni halali, na ngoma ipigwe kukataza rungu lolote kugusa jiko lile. Mpiga ngoma akainua fimbo. Yule mwenye ndevu akafungua vidole vyake, kimoja kimoja, bila hata kuitazama kamba. Ngoma ikaanguka puu kwenye zulia.

"Halikutokea," akasema Bwana Furutu, akairudisha miwani kwenye paji la uso.

Nyuma watu walipiga kelele. Basi, ili wasiondoke na hasira, Baraza lilipitisha kitu kisichohitaji ngoma, kinachoitwa Neno la Wasiwasi. Wajumbe wote husimama, hata wa Jumba la Mnara, na kusema kwa pamoja kwamba wana wasiwasi mkubwa sana. Wanalisema vizuri, na wengine hufumba macho. Tena tukapewa kitambaa cheupe tukifunge juu ya paa la jiko, alama kwamba humu wamo mzazi na mchanga, na mwenye rungu apite mbali.

Kilindo alikipokea kwa mikono miwili. Njia nzima alikuwa anaimba. "Bibi umeona? Hata wao wamesimama! Mbele ya watu wote wamesimama!"

"Nimewaona."

"Sasa nani atathubutu?"

Nami nilikuwa nakitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe mno. Kilipofungwa juu ya makuti meusi ya jiko, kilionekana kutoka popote, na hasa kutoka mnarani. Kama ningekuwa natafuta jiko moja kati ya majiko ya mtaa mzima, nisingeomba alama nzuri kuliko hiyo. Nikainua macho, nikamwona Magoda yuko pale pale ukutani.

"Pole na kazi, mwanangu," nikamwambia. "Leo umeshindwa na mtoto."

"Ameniweza, Bibi. Ana kifua yule." Akacheka. Kikombe kilikuwa mkononi, kinafuka.

"Unakunywa nini?"

Akasita. Ni kusita kidogo tu, lakini niliona. "Chai tu, Bibi."

Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu. Ilikuwa tangawizi. Baraza limefungwa, kesi imekwisha, wakubwa wamesimama na wasiwasi wao, na Mliaji Mkuu analainisha koo. Nikaingia jikoni, nikaanza kufunga vitu.

"Bibi, unafanya nini?" akauliza Kilindo mlangoni.

"Namtoa mzazi nje."

"Kwenda wapi? Bado hajatimiza arobaini! Na kitambaa?"

"Kitambaa nimekiona, Kilindo. Shika mwisho wa mkeka."

"Bibi, ukiwatoa sasa watasema hatuuamini Mkataba. Watasema sisi ndio tuliouvunja." Akaonyesha paa kwa kidole. "Tuna haki. Kwa mara ya kwanza tuna haki."

"Mnayo. Na mimi nayajua hayo kama wewe. Shika mkeka."

Siwema alimnyanyua mtoto, akapita mlango ule mdogo nyuma ya pipa akiinamisha kichwa, nami nikafuata na sufuria ya uji. Tuliingia kwenye banda la mbuzi la jirani, mtaa wa nyuma. Mbuzi walitupisha. Kilindo alikuja mwisho, amekasirika, mkeka begani.

Hatujamaliza kuutandika, tukasikia. "Mama wee! Nakufa! Wametupiga kwa mti mgumu!" Niliitambua sauti, haikukatika popote, ilikuwa nzuri kuliko ya mazoezini. Nyuma yake zikaja hatua za wenye marungu, nyingi, zisizo na haraka.

Mlio wa kiwambaza kikianguka si mkubwa kama mtu anavyodhani, ni kama mtu mnene anayeketi. Mwanaheri alishtuka, akafungua mdomo. Siwema alimziba, na safari hii sikuuondoa mkono wake.

Tulipotoka, jiko lilikuwa rundo la udongo, na kitambaa cheupe kimelala juu, hakikuchafuka sana. Wenye marungu walikuwa wamekwisha kusimama kukizunguka kisima. "Kukilinda," mmoja aliniambia kwa adabu, "maana hapa pamekuwa na vurugu." Yule mwenye ndevu alifika, akasema anasikitika, marungu yalilenga moshi peke yake. Bwana Furutu alifika na miwani yake, akauliza ni nani aliyelia kwanza baada ya Baraza kufungwa. Magoda akainua mkono. Furutu akaniuliza mimi: je, mtoto alilia?

"Hakulia," nikasema.

"Basi," akasema Furutu kwa huzuni ya kweli, "hakuna aliyeumizwa upande wenu." Akatukabidhi kitambaa kingine cheupe, kipya, kimekunjwa vizuri.

Magoda hakunitazama. Lakini tulipokuwa tunapita chini ya ukuta wake na mizigo yetu, alisema kwa sauti ya chini, "Bibi, nashukuru mlitoka." Nikamwambia naye apumzishe koo.

Kilindo hakuja nasi. Tulimsihi, Siwema alimshika nguo. "Nikiondoka watasema kisima hakina mwenyewe," akasema. Tulimwacha amekaa juu ya udongo wa jiko lake, mwiko wangu magotini. Ameturudishia salamu mara kadhaa tangu hapo, kwa watu wanaopita. Yuko pale pale, kila Baraza likikaa anakwenda na Mkataba aliounakili kwa mkono. Anasema siku moja kamba zote zitashikwa. Sina ujasiri wa kumcheka.

Siwema na mtoto wako kwangu. Mwanaheri amenenepa, lakini akikunja uso tu, mkono wa mama yake unakwenda mdomoni wenyewe. Nami nauondoa. "Mwache alie," namwambia. "Huku mtoto akilia watu wanakuja kumbembeleza." Na kweli wanakuja, majirani wanaingia bila hodi, wengine na ndizi.

Hayo nilikuwa nayasema kwa moyo mweupe mpaka juzi. Nilikuwa nachambua mchele, redio imewashwa. Msemaji wa nchi moja kubwa, sikulishika jina lake vizuri, alikuwa anaeleza jinsi nchi yake itakavyoumizwa na jirani yake mdogo, na jinsi ilivyo na haki ya kuwahi kujikinga, kwa kadiri. Alisema kwa uchungu mkubwa. Sauti ilipanda, ikashuka, haikukatika popote. Siwema aliacha kukuna nazi, akanitazama. Tulisikiliza mpaka mwisho, na kabla ya muziki kuanza tulisikia kikombe kikiwekwa mezani.

Nimemwita fundi aje kesho. Nataka anitobolee jiko langu mlango wa pili, mdogo, nyuma ya pipa, unaofunguka kwa nje.